Mali Bila Daftari: Klabu Hufia Ofisini

Klabu ikishuka daraja hapa Kenya, lawama huwa na ratiba yake. Anaanza kocha, anafuata kipa, halafu refa, na mwisho kabisa mvua. Ofisi haitajwi. Mwenyekiti anavaa suti, anapiga picha, anaahidi "kujenga upya", na msimu ukifunguliwa tunapanga foleni ya tiketi tena kama watu waliorogwa.

Mimi nasema hivi: klabu zetu nyingi haziuawi na bao la dakika ya tisini. Zinauawa na faili tupu. Wahenga walishamaliza maneno: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kama kwenu ni Kebirigo, au una shangazi anayechuna majani chai pande zile za Nyamira, hili halihitaji mwalimu. Majani yanapelekwa kituoni, yanapimwa, karani anaandika kilo, yanakwenda kiwandani, na mkulima anangoja bonasi. Lakini pia kuna soko huru: jamaa wa pikapu anayesimama kando ya barabara, analipa keshi papo hapo, bei ya kutupa, hakuna risiti, hakuna bonasi. Mkulima anamuuzia kwa nini? Si mjinga. Karo inadaiwa leo na bonasi iko mbali.

Ajenti wa mpira ndiye yule jamaa wa pikapu. Hahitaji uchawi. Anahitaji tu ofisi inayochelewa kulipa.

Tazama hesabu inavyokwenda. Kanuni za FIFA zinasema klabu isipomlipa mchezaji mishahara ya miezi miwili kinyume cha sheria, anaweza kuiandikia, akaipa angalau siku 15 ilipe deni lote, na isipolipa akavunja mkataba kwa sababu halali. Anaondoka bure. Ajenti anampeleka klabu nyingine, analipwa ada yake huko, na klabu iliyomkuza inabaki na jezi. Sisi mashabiki tunapiga kelele "ajenti ametuibia!" Ametuibia nini, bana? Mlango ulifunguliwa na mweka hazina.

Na zile klabu kubwa, zenye historia ndefu na mashabiki nchi nzima, ziko salama? Gor Mahia walichukua ubingwa wa Ligi Kuu msimu wa 2022/23. Ubingwa halali, wa jasho. Kisha wakakosa Ligi ya Mabingwa ya CAF kwa sababu hawakutimiza masharti ya leseni, na kiini kilikuwa madeni ya wachezaji na makocha wa zamani. Wachezaji kumi na mmoja walishinda uwanjani, makaratasi yakawafunga. AFC Leopards nao walipigwa marufuku na FIFA kusajili wachezaji wapya mwaka 2021, deni la kocha wao wa zamani kutoka Rwanda, Casa Mbungo, likiwa miongoni mwa sababu.

Mtetezi wa ofisi atakuambia shida ni pesa: SportPesa waliondoa udhamini mwaka 2019 na klabu zikabaki mikono mitupu. Ni kweli waliondoka, na iliuma. Lakini nyumba inayoanguka siku mgeni mmoja anapohama ilikuwa imejengwa juu ya nini? Miaka ya udhamini ndiyo ilikuwa miaka ya kuweka akiba, kusajili wanachama, kuandika mikataba. Mvua ilinyesha na hakuna aliyekinga maji. Halafu tukaambiwa tulie na kiangazi.

Sisemi ajenti ni shetani. Kijana wa kijijini asiyemjua mtu yeyote Ulaya anahitaji mtu anayejua mlango uko wapi, na anayeweza kusoma mkataba wa kurasa thelathini. Ndiyo maana tangu 2023 FIFA inadai wakala afanye mtihani na awe na leseni. Kanuni hizohizo zinamkataza kiongozi wa klabu kuwa wakala. Mtu hawezi kukaa pande zote mbili za meza, auze na anunue, halafu atuambie bei ilikuwa nzuri. Tangu Mei 2015 ni marufuku pia mtu wa nje kumiliki fungu la ada ya uhamisho wa mchezaji, kama vile kijana ni ng'ombe wa ubia.

Usidhani ni ugonjwa wa kwetu pekee. Ubelgiji kulikuwa na klabu ya Royal Excel Mouscron. Waendesha mashtaka walitumia miaka wakichunguza kama mwenye klabu ni yule aliyeandikwa kwenye karatasi au ni wakala aliyejificha nyuma yake. Mwaka 2022 ilinyimwa leseni, ikafilisika. Mashabiki wakabaki na skafu.

Sasa rudi Kebirigo, kwa sababu huku chini ndiko wizi mkubwa unakotokea kimyakimya. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, asilimia 5 ya ada inagawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kwa kila msimu wa miaka 12 hadi 15 ni asilimia 0.25 ya ada, na kuanzia 16 ni asilimia 0.5. Tuseme kijana alichezea timu ya mtaani kuanzia miaka 13 hadi 15, na siku moja akauzwa Ulaya kwa euro milioni moja. Timu ile inadai euro 7,500, kama shilingi milioni moja hivi. Hiyo ni mipira, viatu na nauli za misimu kadhaa.

Nani atazidai? Timu isiyosajiliwa na shirikisho, isiyo na kadi ya mchezaji, isiyo na hata daftari la mahudhurio, haipo kwenye historia yake. FIFA haimlipi mtu kwa sababu kijiji kizima kinakumbuka. Inalipa karatasi. Ajenti analijua hili vizuri; katibu wetu hajalisikia, au amelisikia akanyamaza.

Na pale ofisi inapolala, wageni wabaya zaidi huingia. Vuka tu hadi kaunti jirani ya Kericho. Zoo FC walipanda Ligi Kuu 2017, fahari ya mji. Mwaka 2021 FIFA iliwashusha daraja kwa sababu ya kupanga matokeo ya mechi. Waliotoka jasho kwa miaka na waliouza mechi walishuka kwa ngazi moja.

Sisi wa Gusii tunajua gharama ya kungoja. Shabana walishuka 2006 na hawakurudi hadi 2023. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alifikisha miaka 17 kabla ya kuona Tore Bobe kwenye Ligi Kuu. Sasa uwanja wa Gusii unajaa, watu wanatoka Nyamira kwa Probox wakiwa wamebanana kama majani kwenye gunia. Upendo ule ni mali. Nao pia unahitaji daftari.

Kwa hivyo tuache kuimba tu. Sheria ya Michezo ya 2013 inadai klabu isajiliwe. Usajili huo usiwe cheti cha kutundika ukutani. Mwanachama na mshabiki anayelipa kiingilio waulize mambo matatu, kwa klabu yoyote wanayoipenda, kila mwaka, kwa sauti. La kwanza: mkataba wa kila mchezaji unaisha lini, na amelipwa hadi mwezi gani? La pili: msimu huu ni ajenti gani waliolipwa, kiasi gani, na kuna yeyote ambaye ni shemeji wa kiongozi? La tatu: daftari la vijana wa chini ya miaka 18 liko wapi, na linawekwa na nani?

Mwenyekiti akijibu, mpigie makofi, anastahili. Akianza kuzungumzia refa, usikubali mkutano ufungwe.