Dhahabu na Jamaa Zetu

Pete ya arusi ni kitu kidogo sana. Lakini je, tunajua dhahabu yake hutokaje ardhini? Leo twende pamoja mpaka Durba, upande wa Watsa, katika Haut-Uele.

Mwaka 1903 dhahabu ilionekana katika nchi ya Ituri. Kazi ikafunguliwa kule Kilo, na baadaye Moto. Wengi katika babu zetu walishurutishwa kupasua njia na kubeba mizigo ya machimbo hayo. Tusisahau jasho lao.

Machimbo makubwa ya siku hizi huko Durba huitwa Kibali. Yalitoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2013. Kabla ya hapo jamaa zaidi ya 4,000 zilihamishwa na kujengewa nyumba mahali paitwapo Kokiza. Shimo la kushukia chini lapita mita 700, nayo maji ya mito huzungusha mitambo ya umeme ya Nzoro, Ambarau na Azambi.

Na kazi yenyewe? Mawe hupasuliwa kwa baruti, hupondwa, kisha husagwa yawe unga. Unga huo huchanganywa na maji na dawa kali, sianidi, inayoyeyusha dhahabu. Makaa huinasa, na mwishowe moto huiyeyusha iwe kipande. Tani nzima ya mawe hutoa gramu chache tu!

Lakini si wote wenye mitambo. Vijana wetu wengi huchimba kwa sururu na karai, na kuikamata dhahabu kwa zebaki. Halafu wengine huichoma zebaki hiyo jikoni, watoto wakiwa karibu. Hapo ndipo tunapotaka kusema waziwazi: mvuke wake hauonekani wala haunuki, lakini huharibu ubongo na mafigo, na humdhuru hata mtoto aliye tumboni. Enyi akina baba, kazi hiyo isiingie nyumbani kamwe. Enyi akina mama, sufuria iliyochomewa zebaki isipikie chakula tena, hata ikioshwa mara kumi.

Dhahabu ikiisha kutoka ardhini hairudi. Ikigeuka kuwa karo ya shule, faida yake hukaa katika jamaa. Ikigeuka kuwa ugonjwa, huo nao hukaa. Basi, tuchague mapema.