Mmoja Akikataa, Wengi Hungoja

Katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, dola kubwa tano zina kura ya turufu: mojawapo ikikataa, shauri limekufa. Ndivyo ilivyokuwa Septemba 1960, nchi yetu Kongo ikiwa katika fujo: Ceylon na Tunisia zilileta azimio, na Urusi ya Kisovieti ikalizuia.

Je, mambo yaliishia hapo? La! Baraza Kuu, lenye mataifa yote, liliitwa kwa dharura. Tarehe 20 likaomba michango kwa ajili ya Kongo, wala hapana aliyepinga. Lakini Baraza hilo hushauri tu, halilazimishi.

Mkimbizi wa Kabambare au Kasongo hahesabu kura. Huhesabu siku asizokula. Mwenye uwezo wa kuzuia msaada atajibu kwa siku hizo.