Kokoa haina undugu na nazi

Neno linalotulisha sisi wa Makwale, Kyela, ni kokoa. Wahispania walilitoa kwenye Kinahuatl cha Mexico, wakasema cacao. Waingereza ndio waliolivuruga kwa kulichanganya na coco, yaani nazi. Kamusi ya Kiingereza ya Samuel Johnson ya 1755 ikaviweka vyote viwili mahali pamoja! Aliyewahi kupasua tunda la kokoa akaona mbegu zilivyobanana kwenye ute mweupe hawezi kukosea hivyo. Mtaalamu wa mimea Linnaeus, mwaka 1753, aliuita mti wa kokoa Theobroma, yaani chakula cha miungu. Huku kwetu ni ada za watoto. Kwenye nyaraka utakuta kakao, lakini mkulima wa Kyela anayevundika na kuanika husema kokoa, na mnadani wanaelewana tu.