Nani Atatusemea Kingston?

Jioni moja baada ya Asri nilikuwa nimekaa kwa muuza kahawa, si mbali na soko la Mutindwa hapa Umoja. Kijana mmoja wa bodaboda, babake ni mtu wa Faza lakini yeye kazaliwa na kukulia papa hapa Nairobi, akanitolea simu. Kwenye video mtambo mkubwa kama trekta unatambaa chini ya bahari, gizani, ukizoa mawe meusi yaliyotapakaa mchangani. "Ami," akaniuliza, "wasema haya mawe ndiyo betri. Sasa pikipiki za umeme zitashuka bei?"

Nilimwambia anipe muda nisome. Jawabu yenyewe imekuwa ndefu kuliko alivyotaka, na mengine si ya pikipiki kabisa. Naiandika hapa kwa sababu naona sisi watu wa mwambao hatujaanza kulizungumza jambo hili, na wenzetu wameshafika mbali.

Mawe yale ni vinundu vya madini, ukubwa wa viazi mbatata. Ndani yake mna manganizi, nikeli, shaba na kobalti. Kinundu kimoja hukua milimita chache tu kwa kila miaka milioni. Yaliyo mengi yako Bahari ya Pasifiki, kati ya Hawaii na Meksiko, kwenye kina cha mita 4,000 hadi 6,000. Mlima Kenya una mita 5,199. Uzamishe wote huko, na pengine usione hata ncha yake.

Kuyatoa si kupiga mbizi. Mtambo hupita ukifyonza mawe pamoja na tabaka la juu la tope, bomba refu huyapandisha hadi melini, kisha maji machafu yenye vumbi hurudishwa baharini. Mwaka 2022 kampuni ya The Metals Company ya Kanada na washirika wake walijaribu mtambo wao huko Pasifiki, wakatoa zaidi ya tani 3,000. Kwa hivyo asikwambie mtu kwamba hizi ni ndoto za vitabuni.

Ahadi yenyewe si ya kudharauliwa. Wanaouunga mkono uchimbaji huu wanasema dunia inataka kuacha mafuta, na betri zinataka madini. Wanasema ni afadhali kuzoa mawe pasipo na mtu wa kuhamishwa kuliko kufyeka misitu ya Indonesia kwa ajili ya nikeli, au kutegemea kobalti ya Kongo ambako watoto wameonekana mashimoni. Hoja hii ina uzito, na mtu aliyekwenda Kolwezi hawezi kuicheka.

Lakini tuitazame betri yenyewe. Karibu nusu ya betri za magari ya umeme duniani mwaka 2024 zilikuwa za chuma na fosfeti, ambazo hazina nikeli wala kobalti hata chembe. Na hiyo kobalti, je, imeadimika? Februari 2025 serikali ya Kongo, inayotoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti yote duniani, ilisimamisha kuiuza nje kwa sababu imejaa sokoni na bei imeanguka. Atakayemimina kobalti nyingine kutoka baharini hamsaidii yule mchimbaji wa Kolwezi, atamkata bei tu. Ndiyo maana nchi za Afrika zenye migodi ya nchi kavu zimekuwa zikidai mikutanoni zijue zitalipwa vipi hasara hiyo.

Pasifiki ni mbali, utasema. Basi njoo huku kwetu. India ina kandarasi ya kutafuta vinundu katikati ya Bahari ya Hindi tangu 2002, eneo la kilomita za mraba 75,000. Uchina, Ujerumani na Korea Kusini nazo zina kandarasi kwenye matuta ya chini ya bahari hii hii, zikitafuta madini yaliyolimbikana penye chemchemi za maji moto. Septemba 2025 India ikatia saini nyingine, ya Tuta la Carlsberg, kaskazini-magharibi mwa Bahari ya Hindi. Hizo ni pande ambazo majahazi ya Bara Hindi yalikuwa yakizikata na kaskazi kuja Lamu na Mombasa. Bado ni kandarasi za kutafuta, si za kuchimba. Lakini mtu hapimi kiwanja miaka 20 kwa kupenda kutembea.

Penye chemchemi hizo kuna konokono ambaye mguu wake umevikwa magamba yenye chuma. Aligunduliwa mwaka 2001, na nje ya Bahari ya Hindi hajaonekana. Mwaka 2019 aliingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na sababu iliyotajwa ni uchimbaji huu ambao haujaanza. Huko Pasifiki wanasayansi wamekisia aina zaidi ya 5,000 za viumbe katika eneo la vinundu, na karibu tisa katika kila kumi hawajapewa hata jina la kisayansi. Mimi nimesomea diploma tu, si mtaalamu wa bahari, lakini najua kwamba ukipewa amana hukubali kuichoma kabla ya kuifungua uone mna nini ndani.

Jambo lililonishtua zaidi ni la mwaka 1979. Mtambo wa majaribio ulipita chini ya Pasifiki. Wanasayansi wakarudi mahali hapo baada ya miaka 44, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2025. Alama za mtambo bado ziko, kama umepita jana. Vidudu vidogo vimeanza kurudi. Wakubwa wanaokaa juu ya mawe wengi hawajarudi, na watarudi wapi na mawe yameshachukuliwa?

Kwa mvuvi wetu, swali ni lile vumbi la maji ya kurudishwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Hawaii wameonya kwamba chembe zake zinaweza kuchukua nafasi ya chakula cha vijidudu vya katikati ya bahari. Vijidudu hivyo huliwa na samaki wadogo, na samaki wadogo huliwa na jodari. Jodari hana mpaka. Sitaki kumtisha mtu: hakuna aliyeonyesha kwamba tope la Tuta la Carlsberg litafika Shimoni au Kiunga, na mimi sitasema hivyo. Ninachosema ni kwamba mwenye kuleta mtambo ndiye anayepaswa kutuonyesha kwamba halifiki. Asituachie sisi kazi ya kuthibitisha baada ya madhara.

Kwani tumeshayaona. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ujenzi wa bandari ulichafua na kuchimba walikokuwa wakivua. Kesi ilichukua miaka, na malipo yakaburutwa miaka mingine. Na hiyo ilikuwa bahari inayoonekana kutoka ufuoni, penye mashahidi, penye wazee wanaojua kila fungu kwa jina. Kwenye kina cha mita 3,000 shahidi ni nani?

Kwale nako mchanga wa titani ulichimbwa tangu 2013, ukamalizika Desemba 2024. Sheria ya Madini ya 2016 ilisema asilimia 70 ya mrabaha iende serikali kuu, 20 kaunti, na 10 jamii ya mahali. Miaka ikapita na ile kumi ya jamii haikufika. Ikiwa mgao wa mchanga wa nyuma ya nyumba ya mtu unachelewa hivyo, mgao wa jiwe la kilindini utafika lini?

Na hapo ndipo penye kiini cha maneno. Kisheria, kilindi kilicho nje ya mipaka ya nchi ni mali ya wanadamu wote. Hayo yamo katika Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, makao yake Kingston, Jamaica. Mkataba huo una mkono wetu. Mwanasheria wa Kenya, Frank Njenga, ndiye aliyepeleka mbele mwaka 1971 na 1972 wazo la eneo la kiuchumi la bahari, zile maili 200 tunazojivunia leo. Joseph Warioba wa Tanzania aliongoza tume iliyoiandaa hiyo Mamlaka. Hata katibu mkuu wake wa sasa, Leticia Carvalho wa Brazil, alikuwa na ofisi Gigiri, mwendo wa matatu mbili kutoka hapa Umoja.

Mamlaka hiyo haijamaliza kuandika kanuni za uchimbaji, wala haijakubaliana jinsi ya kugawa mapato. Nchi zaidi ya 35 zinataka shughuli isimame kwanza. Aprili 2025 Rais Trump akatia saini amri ya kuharakisha uchimbaji kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1980, kwa kuwa Marekani haimo katika mkataba. Siku chache baadaye ile kampuni ya Kanada ikapeleka maombi Washington. Wakifaulu, jiwe la wanadamu wote litatolewa kwa kibali cha nchi moja, na hakutakuwa na mfuko wa pamoja ambao Kenya inaweza kuudai.

Mimi niko upande wa kusimamisha. Si milele. Mpaka kanuni ziwe zimeandikwa, mgao ujulikane, na bahari yetu ipimwe na watu wasiolipwa na mwenye mtambo. Kenya iliridhia mkataba mwaka 1989, ina kiti Kingston. Wabunge wetu wa Pwani, ambao kwa ardhi na bandari tunawasikia kila wiki, watuambie nani hukalia kiti hicho, anasema nini, na kabla ya kupanda ndege aliongea na kamati gani ya wavuvi.

Yule kijana nilimpata tena Alhamisi. Nikamwambia bei ya pikipiki haitashushwa na mawe yale, maana betri nyingi za siku hizi hazina haja nayo. Akatikisa kichwa, akanywa kahawa yake. "Na huyo konokono wa chuma, ami," akauliza, "aliwa?"

Nikamwambia amuulize imamu, mimi nimesomea mambo mengine.