REDIO IJE KUZUNGUMZA NASI, ISIJE KUSOMEWA RISALA

Ndugu wanachama,

Mmekwisha kusikia kwamba redio ya jamii ya wilaya yetu itakuja hapa ghalani kurekodi kipindi cha mazungumzo juu ya korosho, shule na mila zetu. Habari hiyo ni njema. Lakini yanasemwa maneno mengine pia: eti wasemaji wawe watatu tu, wote viongozi, na maswali yaandikwe kabisa kabla wageni hawajafika. Mimi nasema hapana. Waseme wanachama wa kawaida, na viongozi wakae tayari kujibu. Sababu zangu ni hizi, kila mtu azipime mwenyewe.

Kwanza, tusichanganye taarifa ya habari na mazungumzo. Taarifa ya habari inatoka huko inakuja huku, basi. Mazungumzo yanakwenda na kurudi. Mnakumbuka Novemba 2018, ilipotangazwa kwamba Serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei hiyo ilijulikana siku ileile mpaka vijiji vya mwisho kabisa. Lakini je, maswali ya mkulima yalikwisha? Fedha zitaingia lini? Uhakiki wa mashamba utafanywaje? Asiye na akaunti ya benki afanye nini? Maswali ya namna hiyo hayatibiwi na tangazo. Yanataka mtu aulize, mwingine ajibu, na jirani anayesikiliza aseme, “Hata mimi ndilo tatizo langu.”

Redio ya nchi nzima ina kazi yake kubwa, nayo haiwezi kuacha mikoa yote ikakaa kuulizia salfa ya kijiji kimoja kwa nini imefika wakati ubwiri unga umeshashika maua. Redio ya jamii inaweza. Ndiyo kazi iliyowekewa. Sasa ikija mpaka mlangoni nasi tukaisomea risala ya “tunamshukuru mgeni rasmi,” tutakuwa tumeigeuza tena kuwa tangazo.

Pili, jambo hili si geni. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Kwa wiki 12 watu walikusanyika vikundi vikundi kuizunguka Redio Tanzania, wana kitabu chao na kiongozi wao wa kikundi. Kipindi kikiisha hawakunyanyuka kwenda zao. Walizungumza, wakakubaliana cha kufanya, kisha wakafanya: kuchimba vyoo, kufyeka majani kuzunguka nyumba, kuchemsha maji ya kunywa. Inakadiriwa watu milioni 2 hivi walishiriki. Mwaka 1975 ikafuata nyingine, Chakula ni Uhai, kwa mtindo uleule.

Na wakulima wa nchi nyingine walishafanya hivyo. Kule Kanada, tangu 1941 mpaka 1965, wakulima walikutana nyumba kwa nyumba kusikiliza kipindi chao cha redio. Walijadili maswali waliyoletewa, wakaandika majibu na kuyatuma, na majibu hayo yakarudi kusemwa redioni. Wito wao ulikuwa: Soma, Sikiliza, Jadili, Tenda. Mwaka 1956 Wahindi wakaujaribu mpango huo katika vijiji vya upande wa Poona. Angalieni hapo, ndugu zangu: nguvu haikuwa kwenye chombo. Nguvu ilikuwa kwenye jibu la mkulima kurudi redioni.

Tatu, wenye kujua mambo si viongozi peke yao. Chukua kangomba. Kila msimu tunaambiwa kangomba ni mbaya, na kweli ni mbaya. Lakini nani ataeleza kwa nini mtu anauza korosho zake zikiwa bado ni maua? Ni yule mama aliyeishiwa unga mwezi wa pili, mtoto anadaiwa sare, akaenda kwa mwenye fedha akapewa kidogo, na wakati wa mavuno akalipa korosho kwa bei ya kutupa. Huyo akisema, wasikilizaji watajua kwamba dawa ya kangomba ni mkopo mdogo wa chama miezi ya njaa, siyo makaripio. Kiongozi atasema tu, “Tunawaasa wakulima waache.”

Na mila zetu hivyo hivyo. Mnataka kuzungumza juu ya unyago na shule, halafu kungwi hayupo, mwalimu hayupo, msichana mwenyewe hayupo? Kungwi ndiye ajuaye kipi kinaweza kungoja likizo na kipi hakifai kabisa kwa mtoto mdogo. Asipoulizwa yeye, mtasema mchana na usiku ngoma italia vilevile.

Najua yatakayosemwa dhidi yangu. La kwanza: “Siri za chama zitatoka nje.” Siri gani? Mkutano mkuu wa wanachama ndio wenye kauli ya mwisho katika chama. Makato ya kila kilo si siri, ni hesabu yetu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. La pili: “Watu watatukana.” Hilo ni kweli linaweza kutokea, kwa hiyo tuweke utaratibu: mtu aulize jambo, asishambulie mtu, anayedai upungufu aje na stakabadhi yake mkononi, na anayetajwa apewe nafasi ya kujibu palepale. La tatu: “Kila mtu ana simu, apige mwenyewe studioni.” Hebu tazameni nani hupiga. Ni walewale wenye vocha na wenye mtandao unaoshika. Bibi wa kule bondeni hajapata kupiga hata siku moja.

Basi napendekeza haya:

1. Siku moja kila wiki, jioni, tukutane hapa ghalani kusikiliza kipindi cha redio yetu pamoja. Redio moja yatosha.

2. Katibu wa kikundi aandike maswali yanayotoka, naye asiwe mjumbe wa bodi.

3. Siku ya kurekodi wasemaji wawe sita: wanawake watatu na wanaume watatu, na katika hao wawili wawe vijana. Wachaguliwe na mkutano, siyo kuteuliwa.

4. Bodi ijibu maswali ya chama, na Bwana Shamba ajibu ya salfa na magonjwa.

5. Kila jibu tulilopewa redioni libandikwe kwenye ubao huu, pamoja na tarehe na ahadi iliyotolewa. Hapo tutajua nani katimiza na nani kasema tu.

Viongozi wetu wasione kwamba nawavunjia heshima. Kiongozi anayejibu mbele ya watu wilaya nzima ikisikia, heshima yake hupanda. Anayechagua maswali ya kuulizwa ndiye huanza kutiliwa mashaka.

Jambo hili litakuja kwenye mkutano wa Jumamosi. Njooni wengi, akina mama msibaki nyuma, na kila mmoja aje na swali lake moja.

Mimi mkulima mwenzenu,
Mwanachama