Hewa ya Injini Ipimwe, Isibishaniwe

Mjomba wangu ni dereva wa teksi mjini Dar es Salaam. Likizo iliyopita alikuwa tayari kutoa fedha aondolewe sanduku la kichujio cha hewa, awekewe kichujio kilicho wazi. Wenzake walimwambia kwamba gari likikimbia sana hewa inayovutwa na injini huchemka. Mimi nilimwambia tupime kwanza, na hata sasa nasema hivyo hivyo.

Joto hilo si jambo dogo. Hewa ya nyuzi 30 za sentigredi ikipashwa moto hadi 60 hutanuka. Katika nafasi ile ile uzito wake hupungua sehemu 9 hivi kwa mia, na oksijeni ya kuunguzia petroli hupungua vivyo hivyo. Lakini joto huja lini?

Tulichomeka chini ya usukani kile kifaa ambacho mafundi husomea hitilafu za injini. Katika magari mengi ya siku hizi huonyesha pia joto la hewa iingiayo. Tukashika barabara ya Morogoro. Katika foleni, gari limesimama, namba ilipanda tu. Tulipopata mwendo kuelekea Kibaha ikashuka, ikakaribia joto la nje. Hata kilimani, mjomba akikanyaga mafuta kwa nguvu, haikupanda. Hewa ilipita upesi bombani, haikupata wakati wa kuota moto. Mjomba akanyamaza.

Basi kichujio wazi, kikikaa chini ya boneti, kitavuta hewa ile ile ya moto ya foleni, na teksi hushinda katika foleni!

Nakiri tulikosea. Hatukuandika joto la nje kila mara, na asubuhi si sawa na adhuhuri. Kinachofaa ni tofauti ya joto la nje na la ndani. Tena gari likisimama, kipimajoto chenyewe huota moto wa chuma cha injini, kikazidisha. (Malori ya dizeli yenye tabo yana habari nyingine, maana hewa ikishindiliwa hupata joto, kama katika pampu ya baiskeli.)

Kwa nini somo la fizikia liishie kuchemsha maji maabarani, na gari la shule limesimama uani? Nawaomba walimu waturuhusu kulipima muhula ujao: njia moja, saa ile ile, na kila safari libadilishwe jambo moja tu. Mjomba amekubali kungoja.