Majina Mawili, Mshahara Mmoja

Baridi ya mwezi wa Juni huwaingiza watu ndani mapema katika kata ya Kifanya, mkoani Njombe, na aliyebahatika kupata kiti mbele ya televisheni ya dukani haondoki upesi. Mchezo ukiwa ni wa mtu anayeishi katika dunia mbili, mabishano yake hayaishi usiku huo. Humfuata mwalimu mpaka ofisi ya walimu asubuhi, na karani mpaka kwenye meza yake ya faili.

Wako wakubwa fulani wanaodhani kwamba mabishano ya namna hiyo ni upuuzi, na kwamba mtumishi wa umma mwenye akili timamu hapotezi muda wake kubishania ndoto za Wamarekani. Wakubwa hao wamekosea. Ubaya wa mabishano hayo ni kwamba huishia njiani, kabla hayajafika mahali ambapo yangemuuma kila aliyeketi pale.

Chukua mathalan tamthilia iitwayo Awake, iliyoonyeshwa Marekani mwaka 2012 kwa sehemu 13 kisha ikasimamishwa. Mpelelezi Michael Britten amepata ajali ya gari pamoja na mkewe na mwanawe. Akiamka siku moja, mke yu hai na mtoto amezikwa. Akilala na kuamka tena, mtoto yu hai na mke ndiye aliyezikwa. Ili asichanganyikiwe, huvaa utepe mwekundu mkononi katika dunia ya mke, na wa kijani katika dunia ya mtoto. Kila dunia ina daktari wake wa akili, na kila daktari humthibitishia kwa hoja nzito kwamba dunia ile nyingine ni ndoto tupu.

Hapo watazamaji hugawanyika kama wapenzi wa timu za mpira. Hawa husema ya kweli ni ya mke, wale husema ni ya mtoto. Kumbe mpelelezi mwenyewe hana haja na jawabu. Hataki kupona, kwa sababu kupona ni kukubali kwamba mmoja kati ya wawili awapendao yuko kaburini. Madaktari wote wawili wanataka achague, naye analipa gharama kubwa ili asichague.

Asiseme mtu kwamba mambo hayo ni ya kigeni. Mwaka 1971 Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani ya kusini ya nchi hii, alichapisha tamthilia ya Mashetani, na walimu wengi wa Kiswahili wanaifahamu vizuri. Vijana wawili wanaigiza: Juma ni Shetani, Kitaru ni Binadamu. Mchezo unakwisha, lakini kwa Kitaru haukwisha. Unamfuata nyumbani mpaka wazazi wake wanahangaikia tiba. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na televisheni hata moja, nayo ilikuja kuipata mwaka 1994. Fikra ya mtu aliyenaswa kati ya mchezo na maisha ilikwisha kuandikwa hapa zamani, tena kwa Kiswahili safi.

Na nje ya vitabu, mtu huyo aliajiriwa na Serikali.

Tarehe 28 Aprili 1917 isingeweza kutoa habari kama ile iliyotolewa Dodoma miaka mia moja baadaye, siku hiyo hiyo, mwaka 2017. Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, wakaamriwa kuondoka kazini. Idadi hiyo ilishika vichwa vya habari vyote. Lakini katika taarifa ile ile kulikuwa na hesabu nyingine ya ajabu zaidi, nayo ilisahauliwa upesi: vyeti 1,538 vilikuwa vikitumiwa na watumishi 3,076. Maana yake ni kwamba mtu mmoja, kwa mujibu wa karatasi, aliamka asubuhi moja katika vituo viwili vya kazi, akapokea mishahara miwili kwa mikono ya watu wawili. Mtunzi wa Marekani hakuthubutu kufika huko.

Mwenye jina la kuazima ndiye Britten halisi. Kazini anaitwa kwa jina lililo kwenye cheti. Akirudi kijijini kwao likizo, mzee humpokea kwa "kamwene" na kumwita jina alilopewa na babu yake. Watoto wake hujaza fomu za shule kwa jina la baba ambalo si la ukoo wao. Hahitaji utepe mwekundu wala wa kijani, kwani amekwisha kuzoea kugeuka kila anapopanda basi Makambako.

Juu ya watu hawa taifa liligawanyika vile vile kama watazamaji wa Kifanya. Upande mmoja ulisema ni wezi na basi. Upande wa pili ulisema walifanya kazi kwa uaminifu miaka ishirini, na kwamba mtoto aliyefundishwa kusoma na mwalimu mwenye cheti cha kuazima anasoma kweli kweli, hasomi kwa kuazima. Hoja hii ya pili haiwezi kupuuzwa, na wale wanaoicheka hawajapata kuishi mahali penye mwalimu mmoja wa hesabu. Mwaka 2022 Serikali yenyewe iliona kuwa jasho lile lilikuwa jasho, ikaamua warudishiwe michango waliyokatwa katika mishahara yao kwa ajili ya pensheni.

Lakini hoja hiyo ni hoja ya daktari mmoja tu. Inaithibitisha dunia ambamo mgonjwa alitibiwa na mtoto akafundishwa, halafu inaifanya ndoto ile dunia nyingine, ambamo yuko mtu aliyefaulu kwa haki na jina lake likatumika bila yeye. Mtu huyo naye anakula, anazeeka, analima viazi. Kumhurumia aliyefukuzwa bila kumtaja huyu ni huruma ya jicho moja.

Tena pande zote mbili zinamkwepa mtu wa tatu, naye ndiye anayepaswa kusoma ukurasa huu kwa makini. Jina la kuazima aghalabu halikuanzia ofisi ya ajira. Lilianzia darasa la saba. Katika miaka ya 1980 nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na kurudia darasa la saba kulikatazwa. Mtoto aliyekosa nafasi alirudishwa dawatini kwa jina la mwenzake aliyeacha shule. Mzazi aliomba, pengine akaja na jogoo au gunia la mahindi. Lakini aliyeliandika jina lile katika orodha ya watahiniwa hakuwa mzazi, wala hakuwa mtoto wa miaka kumi na minne. Alikuwa mwalimu, mwenye kalamu ya Serikali, aliyemjua mtoto huyo tangu darasa la kwanza.

Mwaka 2017 mtoto yule, sasa ana mvi, aliondolewa kazini. Mwenye kalamu hakuulizwa. Hata walimu wenziwe waliokaa naye ofisi moja, waliojua majina yote mawili na kuyatania, hawakuulizwa, nao hawakusema. Palikuwa na mtu anayeishi katika dunia mbili mbele ya macho yao, miaka nenda miaka rudi, na hapakuwa na mabishano yoyote.

Wapo watakaosema kwamba hayo yamepita, kwamba siku hizi kuna namba za mitihani, picha na kompyuta. Vifaa hivyo vimeziba tundu moja. Havikumbadilisha mtumishi anayejaza mahudhurio ya wanafunzi arobaini huku waliomo darasani ni ishirini na wanane, au anayeandika kuwa matundu ya vyoo yamekamilika wakati yangali mashimo ya mvua. Taarifa inapanda kwenda wilayani na mkoani ikiwa na dunia yake, nzuri, yenye majedwali. Na kijiji kinabaki na yake. Anayetia sahihi anazijua zote mbili. Tofauti yake na Britten ni kwamba yule wa Marekani alizishika dunia mbili kwa sababu ya kuwapenda marehemu wake.

Basi mwalimu wa Kifanya asiache kubishana juu ya mchezo alioutazama jana. Ila kengele ikilia, afungue daftari la mahudhurio, ahesabu vichwa vilivyomo, kisha aitazame tena ile namba aliyoiandika Jumatatu.